Kaya ya Mtu Mmoja

Umewahi kuulizwa kwako mnalala wangapi, ukajikuta hujui la kujibu? Mimi yalinipata Jumatano moja saa nne asubuhi, hapa hapa Buswelu, Mwanza, nikiwa na kisu mkononi namenya ndizi.

Lakini kwanza nikuambie habari za Koku, ndipo utaelewa. Kokushubira ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nilimpokea akiwa na miaka sita, amebeba viatu mkononi visije vikachafuka. Nikamsomesha kwa kushona sare za shule. Akafika chuo kikuu Dar, kisha Ujerumani, na huko akabaki. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yake ni utafiti wa sera za nishati na tabianchi. Siku moja nilimwuliza hiyo ndiyo nini, akaniambia nchi za dunia hukutana kila mwaka kuzungumzia moshi, na watafiti kama yeye huwapelekea hesabu.

"Safari hii wamebishania neno moja wiki mbili, bibi. Waseme kuacha au waseme kupunguza."

"Na walipokubaliana, moshi ukapungua?"

"Walikubaliana wakutane tena mwakani."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Hupiga simu kila Jumapili, nikiwa nimetoka misa ya pili. Kwenye kioo cha simu namwona amekaa mezani peke yake, nyuma yake dirisha na mti usio na jani hata moja. Yeye anakula mkate wake, mimi ndizi zangu, tunatafuna tukiangaliana. Jumapili ya kabla ya Jumatano hiyo aliniambia amepewa mkataba mpya wa miaka mitano, na jibu linatakiwa baada ya siku nane, Jumatatu.

"Au nirudi, bibi? Kuna chuo hapo Mwanza kinatafuta mwalimu. Unasemaje?"

"Saini, mwanangu," nikasema.

Ndivyo nilivyosema miaka yote. Nenda, soma, kaa, mimi sijambo. Ulimi umezoea. Mtoto anapanda mlima, wewe bibi umshike gauni? Simu ilipokatika nilibaki na sahani mapajani hadi chakula kikapoa.

Basi, Jumatano hiyo alikuja mwanamke mmoja, Odeta jina lake, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Shikamoo, marahaba, nikamvutia kigoda. Akasema kaya kumi za mtaa wetu zimechaguliwa kwa kura na yangu imo. Maswali ni ya mambo ya kupikia, na jina langu halitaandikwa, namba tu. Kisha akasoma: "Utafiti huu unaongozwa na Daktari Kokushubira Rwehumbiza."

Kisu kikasimama katikati ya ganda. Koku aliwahi kunitajia utafiti wa Mwanza, ila hakusema utafika mlangoni kwangu, na sidhani alijua. Ningeweza kusema huyo ni wangu. Sikusema. Niliona ngoja aniulize kupitia mdomo wa huyu, maana kwenye simu haya hajawahi kuniuliza.

"Kaya hii ina watu wangapi?"

"Wawili."

"Mwingine yuko wapi?"

"Kazini."

"Anarudi saa ngapi?"

Nikamenya ndizi nyingine nzima ndipo nikajibu. "Mara ya mwisho alilala hapa miaka minne iliyopita. Siku tisa."

"Ah, bibi. Sisi tunahesabu aliyelala hapa angalau miezi sita ya mwaka." Akashusha sauti. "Nimtoe?"

Kitanda chake nakitandika kila Jumamosi, shuka za bluu, na mto naupiga vumbi.

"Mtoe," nikasema.

Akagusa kioo kwa kidole. Kumbe mtu anatolewa nyumbani bila hata mlio.

Akauona mtungi wa gesi pale kwenye kona, nimeufunika kitambaa nilichofuma. Koku ndiye aliyeuagiza, nami kila Jumapili humwambia naupikia.

"Huu unautumia mara ngapi kwa wiki?"

"Siutumii. Napikia mkaa."

"Sababu? Bei? Woga wa kulipuka? Umbali wa duka?"

"Gesi inawahi kuivisha."

"Bibi, si ndiyo sifa yake hiyo!"

"Sifa kwa mwenye watu wanaosubiri. Mkaa nauwasha saa tisa, napepea, ndizi zinachemka taratibu, jua linazama bado nina kazi. Kwa gesi saa kumi nimeshakula. Halafu nikae nafanya nini mpaka kulala?"

Akatafuta kwenye kioo chake. "Hiyo haimo kwenye orodha."

"Iandike hivyo hivyo. Kwani wewe umeolewa?"

"Leo anayeuliza ni mimi, bibi!" Akacheka, lakini aliandika neno kwa neno, akasema majibu yanawafikia watafiti siku hiyo hiyo.

Jumapili simu ikaita. Koku hakuwa na mkate mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Leo umepikia nini?"

"Marahaba. Gesi, mwanangu."

Akasema, "Kuna jibu nimelisoma, halina jina. La Buswelu, kaya ya mtu mmoja." Akaanza kulisoma. Alipofika pale pa nikae nafanya nini, akaacha kusoma. "Nilijiuliza huyu bibi hana mtu? Nikarudia kusoma, nikasikia ni wewe unaongea."

Ningeweza kukana. Buswelu ina vikongwe wengi, na mkaa tunapikia karibu wote.

"Ni mimi," nikasema.

"Gesi ulinidanganya. Na nini kingine, bibi? Kesho natakiwa kusaini. Niambie la kweli, nitalibeba mwenyewe."

Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye bakuli la chumvi. Nikaichukua, nikaisogeza karibu mpaka nikaona uso wake tu, bila lile dirisha. Ana mvi mbili juu ya sikio, sikuwahi kuziona.

"Usisaini, Koku. Nataka urudi. Siyo Krismasi, siyo siku tisa. Urudi ukae."