Mkono wa Kushoto wa Marlys

Marlys Kettunen alikaa nyuma ya mumewe kwenye pikipiki miaka ishirini, na kila Jumapili ya kwanza ya Mei alibarikiwa bila jina. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Huko kwao, mji wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, theluji ikishaondoka barabarani wenye pikipiki huzipanga mashine zao uani mwa kanisa, na Padre Zupan hupita na ndoo na tawi la msonobari akiwarushia maji. Akifika kwa mtu humtaja: "Duane Kettunen, Mungu akulinde njiani." Kisha huinua macho kidogo na kuongeza: "Na aliye nyuma yake." Basi, kapita. Aliye nyuma yake! Mtu ana ubatizo wake na kipaimara chake, anaendesha basi la wanafunzi kwenye barafu, kazaa watoto wawili wakakua wakaondoka, halafu mbele za Mungu anatajwa kama kifurushi.

Mwaka huu akasema imetosha. Alijifunza kwenye vile vipikipiki vidogo vya chuo cha udereva, akafaulu, leseni ikaingia mfukoni. Kilichobaki ni mashine yenyewe, tena kubwa, maana hakuwa anataka kipikipiki cha kuendea dukani. Alitaka ya kumfikisha milimani na kumrudisha. Na aliitaka siku ile ile, Jumamosi, kwa sababu baraka ilikuwa kesho.

Duane si mtu mbaya, nisije nikaambiwa nimemsingizia. Ni fundi wa yale malori makubwa ya mgodini, mpole, mkarimu, ila ana ugonjwa mmoja: kwake kitu kizuri ni kitu kikubwa. Asubuhi ile wakinywa kahawa alimtazama mkewe juu ya kikombe.

"Tuwekeane dau," akasema. "Ukiiangusha leo kwenye majaribio, kesho unakaa nyuma yangu kama kawaida."

"Na nisipoiangusha?"

"Sema mwenyewe."

"Nisipoiangusha, kesho unafunga mdomo wako mpaka jioni. Hakuna kunielekeza, hakuna 'punguza gia, Marlys', hakuna 'angalia kona, Marlys'."

"Mpaka jioni? Utaniua!"

"Basi utakufa umebarikiwa."

Wakapeana mikono juu ya sahani ya mayai. Na watu wa kule wakishapeana mikono, neno limekwisha.

Duka lilikuwa la Verna, mjane mwenye kusuka mvi zake mikia miwili kama msichana, ulimi wake mkali na moyo wake laini. Duane hakungoja hata salamu. Alikwenda moja kwa moja kwa jitu jeusi lililokuwa katikati ya duka, chuma chake kinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, uzito ratili mia nane na ushei.

"Hii ndiyo mashine!" akasema, analipapasa tangi. "Mpenzi, njoo uone."

"Nimeiona tangu nje. Hiyo haihitaji mtu kuja kuiona."

Marlys alikuwa amesimama kando ya nyingine, ya rangi ya kijani, ya kati, haina makuu. Akainua mguu, akaikalia. Nyayo zote mbili zikakaa sakafuni, magoti yakakunjika vizuri, usukani ukamfuata mkononi bila ubishi. Alijisikia kama amekaa kwenye kiti chake cha jikoni. Akajua. Kuna mambo mtu hujua kwa makalio kabla ya kichwa, na kuchagua pikipiki ni mojawapo.

"Hiyo?" Duane akacheka. "Watu wa klabu yetu ya pikipiki watadhani ni mashine ya kukatia nyasi, watakuuliza umezikata wapi."

"Waniulize. Nitawaambia nimekata za kwao."

"Mwezi mmoja tu utaichoka, utakuja hapa kutafuta kubwa. Wewe basi la tani kumi unaligeuza kwenye theluji, sembuse hii? Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Nunduye, Duane. Yake mwenyewe. Siyo ya ng'ombe wa jirani. Na basi lina magurudumu sita, nikilisimamisha linasimama lenyewe, haliniombi nilishike."

Verna akafuta mikono kwa kitambaa cha oili, anatabasamu. "Dada, usibishane naye. Panda unayotaka."

Hapo ndipo Marlys alipokosea, na alikosea kwa kujiamini, siyo kwa woga. Alisema, "Nitaanza na hilo jitu lake, nikalizungushe nilirudishe, ili anyamaze. Kisha nitanunua yangu."

"Una uhakika?" Verna akauliza.

"Ninao mpaka wa kugawa."

Akavaa helmeti, akaliwasha. Duane alikuwa anaruka ruka kama ndiye anayepanda. Na nikwambie kweli, kwenye barabara iliyonyooka lile jitu lilikwenda laini kama kitanda. Marlys alifika njia panda ya duka la ushirika, akageuza kwa nafasi, akarudi huku anaimba ndani ya helmeti. Moyoni alishaanza kumwomba Duane msamaha, kidogo tu, asije akasikia.

Akafika mbele ya duka la Verna. Pale sharti upunguze, uingie gia ya kwanza, ukunje kushoto taratibu kuingia uani. Akapunguza. Akakunja. Na wakati ule ule upande wa pili wakatokea watu wa klabu, msafara mzima, safari yao ya kwanza tangu theluji iondoke. Kila mmoja akateremsha mkono wa kushoto chini, vidole viwili vinaelekea lami. Ndiyo salamu yao. Wenye pikipiki wa kule hawapitani bila kusalimiana hivyo, na usipoitikia utasemwa mpaka theluji nyingine ianguke.

Sasa sikiliza. Miaka ishirini, kwenye pikipiki ya Duane, aliyekuwa akiitikia salamu ni Marlys. Duane alishika usukani kwa mikono miwili. Aliye nyuma mikono yake ina kazi gani? Basi ikawa kazi yake. Mkono ule ulishazoea hata hauombi ruhusa. Msafara ulipotokea, mkono wa kushoto ukajiendea zake chini, vidole viwili, kwa heshima zote.

Na mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi.

Klachi ilipoachiwa ghafla, jitu likaruka mbele mara moja kama paka aliyekanyagwa mkia, likazima. Usukani ulikuwa umekunjwa. Marlys akateremsha mguu, mguu ukakuta ule mchanga uliomwagwa barabarani wakati wa barafu, ukateleza. Ratili mia nane zikalala polepole, bila haraka yoyote, na yeye akashuka kando yake kama mtu anayeshuka kitandani.

"Loo!" Verna akasema mlangoni.

Duane akaja mbio. "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Kweli?"

"Nimekwambia sijaumia! Nimeona aibu, lakini hiyo haivunji mfupa."

Duane akahema. Alipohakikisha mkewe mzima, tabasamu likaanza kumtambaa usoni, akashindwa kulizuia. "Haya. Kesho nyuma."

Marlys aliligeuzia jitu mgongo, akachuchumaa, akashika usukani na chuma cha nyuma, akasukuma kwa miguu kama alivyofundishwa. Likanyanyuka kiasi cha shubiri, likarudi chini. Akasukuma tena. Likarudi tena.

"Niachie mimi," Duane akasema. "Hii ni kazi ya fundi."

Akachuchumaa naye. Uso ukawa mwekundu, ukawa zambarau, goti likalia kama mlango mkavu. Jitu likainuka shubiri ile ile, likalala. Kufikia hapo watu wa klabu walikuwa wameshasimama kando ya barabara, wanatazama, na hakuna aliyecheka, maana kumcheka mwenzako akiwa bado ameinama ni uhuni. Mwishowe wawili wakaja, wakasaidiana naye watatu, ndipo likasimama. Tangini palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja.

Marlys akajipangusa mchanga. "Duane, nani kaichagua hii?"

"Mimi."

"Nani kasema ng'ombe haelemewi na nunduye?"

"Mimi, lakini..."

"Basi nundu ni yako, na aliyeanguka ni wewe. Mimi nilikuwa nimekushikia tu."

Watu wa klabu wakaangua kicheko. "Hukumu imetoka!" mmoja akapiga kelele.

Lakini Duane hakucheka. Alitikisa kichwa. "Hapana, mpenzi. Usinifanyie mchezo wa maneno. Uzito haukukuangusha, mkono ndio uliokuangusha. Nimeuona. Hata ungepanda ile ya kijani, mkono ungekwenda vile vile. Na kesho kuna mashine mia barabarani, zote zitakusalimia. Ndiyo, nataka kushinda dau. Lakini pia naogopa."

Hapo alimgusa pabaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Marlys aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni. Kwa mara ya kwanza siku ile aliliona jina lake linamponyoka, akajiona tena juu ya kiti cha nyuma, maji yanamrukia, na Padre anaendelea mbele.

"Ni kweli," akasema. "Mkono ndio. Lakini nijibu na mimi. Miaka yote ile kwa nini hukusalimia mwenyewe hata siku moja?"

Duane akatazama chini. Angeweza kulijibu lile jioni nyumbani, mlango umefungwa. Alilijibu pale pale, watu wote wakimsikia.

"Kwa sababu naogopa, Marlys. Tangu siku ya kwanza. Ile yangu ni nzito, na ukiwa nyuma inazidi. Naona nikiachia mkono mmoja tutakwenda chini wote wawili, nikuue. Wewe ulikuwa unasalimia, watu wakadhani tumesalimia. Nikashukuru, nikanyamaza."

"Miaka ishirini?"

"Niliinunua kubwa mno. Nilikuwa kijana, nikaona haya kuirudisha."

Marlys alimpenda upya, hapo hapo kwenye mchanga, na alikasirika naye vile vile, maana mtu anaweza kufanya yote mawili. "Na mimi ulitaka ninunue kosa lile lile," akasema.

"Nilidhani wewe utaliweza. Wewe unaweza kila kitu."

"Siwezi kila kitu. Naweza ile ya kijani."

Duane akaitazama ile ya kijani. Kisha akasema, "Basi panda. Dau lilikuwa juu ya mashine yako, na yako hujaipanda bado."

"Na mkwaruzo?" Verna akauliza toka mlangoni.

"Mkwaruzo wangu," Duane akasema, na watu wakacheka tena, safari hii na yeye pamoja nao.

Marlys akaichukua ile ya kijani. Hakuimba. Alikwenda mpaka njia panda akiuambia mkono wake, kwa sauti, kama anavyowaambia watoto wa nyuma ya basi: "Wewe kaa. Nimesema kaa. Mpaka tusimame." Akageuza, akarudi.

Na wale wa klabu, watukutu wale, walikuwa wamekwisha kupanda na kugeuza. Wakaja kumkabili wakati ule ule anapokunja kuingia uani, mikono yote ya kushoto chini, vidole viwili viwili, wanamtega waziwazi. Mkono wa Marlys ukawasha. Ukawasha kweli, mpaka begani. Akaukaza juu ya klachi, akainamisha kichwa kizito cha helmeti mara moja, kwa adabu kamili, kama mama anayeitikia shikamoo mikono yake ikiwa kwenye unga. Pikipiki ikapita juu ya mchanga, ikayumba kidogo, akaishika kwa paja, ikatii. Akasimama mbele ya Verna, nyayo zote mbili chini.

Honi zililia mpaka mbwa wa jirani akatoka.

"Nifungie hii," Marlys akasema, kisha akacheka. "Usiifunge. Naondoka nayo."

Siku ya pili yake uani mwa kanisa palikuwa na baridi na jua. Duane alikuwa amefunga mdomo tangu alfajiri, ameuma midomo mpaka imekuwa myeupe, kwani njiani Marlys alikuwa amebadilisha gia vibaya mara mbili na yeye hakusema. Mashine zao zilisimama bega kwa bega. Padre Zupan alikuja na ndoo yake, ananung'unika kuhusu mgongo.

"Duane Kettunen," akasema, "Mungu akulinde njiani." Akachovya tawi tena, macho yakiwa bado ndooni, mkono ukajiendea. "Na aliye nyuma yake."

Maji yakaanguka juu ya ngozi tupu ya kiti cha nyuma, yakachuruzika. Padre akasimama, anakitazama kiti kile, tawi linadondosha matone. Watu waliokuwa karibu wakageuka.

Duane akavunja dau lake. "Ameshuka, Padre," akasema. "Yuko pale. Ana jina lake."

Padre akageuka. Alimjua Marlys tangu alipofika parokia ile, alikuwa amekula pai zake za nyama na viazi, lakini kwenye baraka ile mwenye mashine hujitaja mwenyewe mara ya kwanza. "Nani anapanda hii?" akauliza.

Mwanamke anayewanyamazisha watoto hamsini ndani ya basi akafungua kinywa na sauti haikutoka. Akajaribu tena, na safari hii wakamsikia mpaka wale wa langoni.

"Marlys Kettunen!"

"Marlys Kettunen," Padre akasema, "Mungu akulinde njiani."

Maji yalikuwa ya baridi, yakamwingia machoni, na hakuyafuta.