Miwani ya Kwenye Msumari

Shemeji yangu ni fundi hodari wa mageti, na hakuna anayelijua hilo kumzidi yeye mwenyewe. Jicho lake la kushoto lilikwenda na cheche miaka sita iliyopita. Ukimsikia anavyolisimulia, utadhani alilitoa sadaka.

Nilipopunguzwa kazi ofisini, dada yangu, yaani mkewe, aliniambia, "Nenda karakana kwa mume wangu ukajifunze kuchomelea. Ila macho uyarudishe mawili." Haya, nikaenda.

Siku ya kwanza nilidhani nitafundishwa mashine. Wapi! Nilifundishwa makovu. Shemeji akakunja mikono ya shati, na kijana wake mpaka rangi akapandisha suruali hadi gotini, wakanionyesha moja baada ya jingine: hili la geti la shule, hili la ngazi ya ghorofani.

"Huku kwetu, shemeji, hivi ndivyo vyeti," akaniambia.

Mimi nina cheti cha kutunza mafaili, na hakijawahi kunitoa damu. Niliona aibu kidogo.

Vifaa vya usalama vilikuwepo, tusimsingizie mtu. Kile kibati cha kufunika jiwe la grenda, lile la mviringo la kukatia chuma, kilikuwa mezani kimejaa skrubu. Kilitolewa kwa sababu eti "kinaziba kazi". Karatasi ya maelekezo ilikuwa imefungiwa misumari. Na miwani ya kinga ilining'inia kwenye msumari ukutani ndani ya nailoni yake, lebo ya dukani bado imebandikwa. Dada alimnunulia wiki ile aliyotoka hospitali. Vumbi lililokuwa juu ya nailoni lingetosha kupanda maharage.

"Mbona huivai?" nikauliza.

"Itachakaa."

Jamani! Bora jicho lichakae, miwani ibaki mpya.

Wiki nzima nilipima, nikachora alama, nikafagia. Siku moja nikaimwaga ile misumari kwenye kopo nikaisoma karatasi yenyewe. Shemeji akamwita mwenzake, "Njoo uone, shemeji anaisoma grenda!" Mpaka rangi alicheka hadi akashika ukuta ambao ndiyo kwanza ameupaka. Nilicheka na mimi, sikatai.

Siku ya nane shemeji akasema, "Leo unakata bomba." Nikachomoa waya, nikalikagua jiwe, nikamwaga skrubu na kukifunga kibati mahali pake. Kisha nikaenda ukutani, nikaichana nailoni.

Mpaka rangi alibaki na brashi hewani.

"Hiyo kanipa mke wangu!" shemeji akafoka. "Ni kitu cha kutunza!"

"Alikupa utunze miwani au utunze jicho?"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. La dada yangu wewe ulilisikia lini?"

Nikaivaa, nikarudisha waya, nikaanza kukata. Mstari ulikwenda upande, nakubali. Shemeji hakuvumilia. Akasogea, akainama ubavuni mwa jiwe, na jicho lake lile moja likawa shubiri moja tu kutoka kwenye cheche. Hapo nikaogopa kweli, wala si kwa ajili yangu. Nikazima, nikasubiri jiwe lisimame, nikaivua miwani.

"Kata wewe nione. Lakini uivae."

"Mimi nimezoea."

"Hata la kushoto ulikuwa umelizoea. Mimi nina mawili, shemeji. Likiondoka hilo moja, dada yangu atamshika mkono mwanaume mzima kumpeleka chooni. Vaa, au naenda kumwambia hivyo hivyo."

Shemeji haogopi moto, haogopi umeme. Anamwogopa dada. Akaivaa huku ananung'unika kwamba sisi wanawake tumeingilia mpaka chuma. Mimi nikarudi nyuma yake.

Akakata kwa madoido, mkono mmoja, ili nione ufundi ulivyo. Jiwe likabanwa ndani ya bomba, likapasuka. Vipande vingi vilizuiwa na kibati. Kimoja kikapita. Nilisikia "tak!" tu, kama mtu kagonga dirisha.

Shemeji akaachia swichi, akasimama wima. Akaivua miwani polepole. Kioo cha kulia kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na kipande cha jiwe kimenasa katikati.

Cha kulia. Upande wa jicho lililobaki.

Akakaa chini. Mpaka rangi alitafuta kovu la kulinganisha na hilo, akalikosa. Na mimi, kwa mdomo wangu huu wote, nililia tu.

Mchana dada akaleta chakula. Akaiona nailoni iliyochanika sakafuni, akakiona kioo, akaitua sufuria chini. Shemeji akawa anamtazama. Akamtazama mpaka sisi wengine tukaona haya.

"Nini? Nina masizi usoni?" dada akauliza.

"Una mvi," akasema. "Hapa, juu ya sikio. Zimeota lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Sikuwa nimeziona."

Dada akageuka kutafuta sahani, akachukua muda mrefu kuliko sahani zenyewe zilivyohitaji. Mimi nikaiokota ile nailoni nikaitupa kwenye pipa, isije ikatunzwa nayo.