Ukurasa Safi wa Orpha

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2011 Orpha alisifiwa sana kazini kwake, katikati ya Stockholm, ambako alibuni kurasa za tovuti na kuziandikia programu mwenyewe. Sifa zikamlevya. Akaivamia blogu ya Mama Denise, jirani yake wa mtaa wa Hallonbergen, ambaye hakuwa amelalamika hata kidogo.

Blogu ile ilikuwa na rangi nyingi kama kitenge cha harusi. Mama Denise aliandika humo habari za kwaya, ndoa na misiba ya watu wa kwao Uvira, Kongo, na chini palikuwa na kisanduku ambamo yeyote aliweza kuacha jina na salamu. Mdogo wake, Akili, aliyebaki Uvira na ambaye kila simu aliyonunua iliibwa, alisalimu humo kila wiki kutoka kibanda cha intaneti.

Orpha akasafisha. Rangi zikatoka. Kisanduku nacho kikataka kila mtu aingie kwanza kwa akaunti ya mtandao mkubwa wa kijamii, ili kuzuia matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Akajipongeza.

Salamu za Akili zikakoma. Habari za mapigano ya Uvira zilivuma, miezi ikapita, na mwishowe Mama Denise akawaita watu waje kulia naye. Matanga bila maiti.

Orpha alikuja na sufuria ya wali. Mtu akauliza Akili aliacha kuandika lini.

"Tangu huyu mutoto anitengenezee blogu," Mama Denise alijibu, akimshika Orpha mkono kwa upole. "Hata hakuiona vile ilikuja kuwa muzuri."

Orpha akakumbuka kisanduku na akaunti kilizodai. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akajifungia chumbani na kompyuta, akarudisha kisanduku cha zamani, wazi kwa yeyote, na rangi zote.

Kabla matanga hayajaisha, Mama Denise akapiga ukelele jikoni, kisha akawasomea watu salamu mpya ya kisandukuni: "Yaya, dada yangu, kila wiki nakuja hapa, inaniomba akaunti, sina. Ni nani alifunga mulango?"

Watu wakaanza kuimba. Mama Denise akamkumbatia Orpha. "Ni weye umemurudisha!"

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua.

"Hapana, mama," Orpha alisema. "Ni mimi niliyemfungia mlango."

Mama Denise akauondoa mkono mmoja mgongoni kwa Orpha, kisha wa pili.