Dozi Iliyotolewa Bungeni

Kuna watu wanadhani swali la Bunge hujibiwa Bungeni. Thubutu! Naibu Waziri anayesimama pale na tai shingoni ni msomaji tu. Swali limefika wizarani siku nyingi kabla, wizara imelitupa mkoani, mkoa umelisukumia halmashauri, na halmashauri imelirusha kwenye kundi la WhatsApp la waganga wafawidhi, katikati ya picha za harusi na salamu za asubuhi njema. Huko chini ndiko jibu linakopikwa, na wapishi wenyewe ni watu wa aina ya Leodegar.

Bi Sabaha hakuyajua hayo. Jumanne ile ya mwezi wa sita alifika zahanati tangu saa moja asubuhi kwa jambo moja tu, vidonge vya presha vya mumewe. Mzee Shomari, kuli wa zamani wa bandarini, alikwisha kuanguka mara moja mwaka juzi, na daktari wa hospitali kubwa alimwambia mkewe bila kumung'unya maneno: huyu akikosa dawa ataanguka tena, na akianguka tena usitegemee ainuke. Tena asitiwe hasira wala wasiwasi.

Kadi ya wazee ya matibabu bila malipo walikuwa nayo. Kadi nzuri, ina picha, ina muhuri, imefunikwa plastiki isilowe. Kwa wiki tano Bi Sabaha alikuwa akiitembeza hiyo kadi kutoka Mtaa wa Sikukuu mpaka zahanati na kuirudisha, maana kila akiiweka dirishani anaambiwa dawa hakuna, jaribu Jumanne ijayo. Duka la dawa alikwenda siku ambazo meza yake ya iliki na mdalasini ilimpa kitu, na siku hizo zilikuwa za kuhesabu. Kwa hiyo kila kidonge alikikata kwa kisu cha vitunguu, akampa mzee nusu, akamwambia kwamba ndivyo daktari alivyoagiza. Sasa zilibaki nusu tano.

Alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa Leodegar alipotoka ofisini mbio, simu mkononi. Huyu Leodegar ndiye mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati nzima. Koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Mgonjwa azimie mlangoni, Leodegar atakuja kwa mwendo wa bwana harusi. Ujumbe uingie kutoka halmashauri, anaruka viti. Basi siku hiyo aliviruka.

"Najma! Tuna dirisha la wazee?"

Najma, binti anayetoa dawa, alichungulia. "Dirisha tunalo hili moja, Daktari. La wote."

"Na stoo haina dirisha?"

"Linalo. Limepigwa misumari tangu tulipoibiwa."

"Basi ni mawili," Leodegar akasema, huku akiandika kwenye simu. "Dawa za presha?"

"Hamna. Wiki ya tano hii. Nimeomba mara tatu, na barua zote umesaini wewe."

"Sijakuuliza kama zipo rafuni. Nakuuliza, kwenye orodha ya dawa za kituo zimo?"

"Kwenye orodha zimo."

"Basi zipo. Mbona unakuwa mgumu hivyo? Swali la Bunge hili, linataka jibu kabla ya saa saba. Na wanataka picha."

Bi Sabaha aliyasikia yote, na moyoni akamwona mtu huyu mdogo kama punje ya mtama. Lakini alibaki kwenye benchi. Mwenye shida ya dawa hana pa kwenda.

Saa tano ikaja na fundi wa mabango kutoka Mtaa wa Mchikichi na kopo la rangi ya bluu. Juu ya lile dirisha la misumari akaandika DIRISHA LA WAZEE, WAZEE KWANZA, herufi kubwa za kupendeza, rangi nyingine ikatiririka ukutani. Leodegar akarudi nyuma hatua mbili akafurahi kweli kweli, utadhani kamaliza kujenga hospitali. Kisha akageukia benchi kutafuta mzee wa kupiga naye picha, akawa anawapitia mmoja mmoja kama mtu anayechagua papai. Mmoja alikohoa mno, mwingine hana meno ya mbele. Macho yakatua kwa Bi Sabaha, mwanamke wa watu, khanga safi, mgongo umenyooka.

"Shikamoo mama."

Wiki tano hakuwahi kumwamkia. "Marahaba," Bi Sabaha akajibu, kwa sababu yeye alifunzwa adabu na wazazi wake.

"Njoo hapa dirishani. Shika hili boksi. Saini kwenye rejista, ili ionekane unapokea. Dawa zako nazishughulikia mimi mwenyewe."

Najma akamvuta koti. "Daktari, akisaini hapa mfumo wa kompyuta utasoma kapewa."

"Piga picha, Najma."

Boksi lilikuwa jepesi. Bi Sabaha amepima viungo miaka thelathini, mkono wake unajua gramu hamsini kabla ya mizani; alijua halina kitu. Hakuwa mjinga hata kidogo. Ila alifikiria zile nusu tano, akamfikiria mtu mzima mwenye koti jeupe aliyeahidi mbele za watu, akasema moyoni labda leo ana haya. Akasaini. Akatabasamu. Simu ikalia kwa picha, na Leodegar akalichukua boksi lake.

"Dawa zikifika, mama, wewe wa kwanza."

"Si umesema utanishughulikia?"

"Ndiyo nimeshakushughulikia. Jina lako linaenda Dodoma."

Bi Sabaha akaondoka na jina lake kwenda Dodoma na mikono mitupu kwenda Sikukuu. Njiani alimtukana Leodegar kimya kimya, kuanzia kisogo mpaka kisigino.

Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, alikuwa barazani anapanga iliki wakati redio ya mumewe inaunguruma ndani. Mzee Shomari hakosi kipindi cha maswali na majibu. Tangu bandarini, enzi za kubeba magunia, redio ilikuwa ndiyo mwalimu wake, na mtu akisema neno ndani ya Bunge kwake limekwisha kuwa kweli. Mbunge mmoja wa viti maalumu aliuliza ni lini wazee wataacha kurudishwa bila dawa. Naibu Waziri akainuka.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo. Serikali inawathamini sana wazee. Upatikanaji wa dawa katika vituo vyetu umefikia asilimia tisini na sita. Madirisha ya wazee yapo na yanafanya kazi. Kwa mfano, Jumanne ya wiki hii, katika zahanati moja pale Kariakoo, Bi Sabaha Uledi amekabidhiwa dozi ya miezi mitatu. Picha ninayo, Mheshimiwa Spika."

Makofi, meza zikagongwa. Watu wazima, wamevaa suti, wanashangilia boksi tupu. Mheshimiwa aliyeuliza naye akashukuru kwa majibu mazuri, akakaa, ameridhika kama aliyekula pilau.

"Mama Badria!" mzee akaita, kwa jina la binti yao aliyeolewa Tanga. Alitoka mpaka mlangoni bila fimbo. "Umetajwa! Dozi ya miezi mitatu, mke wangu! Mbona hukuniambia?"

Bi Sabaha aliufungua mdomo ili aimwage yote, Leodegar na rangi yake na misumari yake. Akamtazama mumewe, mishipa ya shingo imemvimba kwa furaha tu, je, akighadhibika? Akaufunga.

"Nilitaka iwe zawadi yako ya siri, Baba Badria," akasema. "Kaa chini basi."

"Sasa na huo wingi wote, bado nameza nusu?"

"Amri ya daktari."

Mtaa mzima ukampongeza. Hafidhi, jirani anayeuza chaja na vifuniko vya simu, aliuliza kwa sauti kama anaweza kumuunganisha mama yake na huyo mtu wa dirishani. Bi Sabaha alijibu ndiyo, inshallah, huku akiuma meno. Jumamosi ikaisha nusu ya mwisho.

Jumatatu dawa zikaja kweli. Maboksi kumi na mawili, yaliletwa haraka kwa gari la halmashauri, maana mtu fulani huko juu aliogopa waandishi wa habari wasije wakalitembelea dirisha. Bi Sabaha alipata habari, akafunga kibwebwe, akafika wa kwanza. Asubuhi hiyo mzee alikuwa ameangusha kikombe cha chai, na alipotaka kusema samahani, neno lilimtoka zito, limepinda. Hakuna aliyehitaji kumweleza mkewe maana yake.

Najma alichukua kadi, akabofya kompyuta, akainamisha uso. "Bi mkubwa, mfumo unasema Jumanne ulipewa vidonge tisini. Unarudi mwezi wa tisa."

"Najma, mwanangu, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Sauti ilikuwa ya kulia. "Siwezi kutoa. Haikubali."

Leodegar akaitwa. Akaja kwa mwendo wake wa bwana harusi.

"Ulisema mimi wa kwanza," Bi Sabaha akamwambia.

"Na ulikuwa wa kwanza, mama. Wewe ndiye mzee wa kwanza kupewa. Imesemwa Bungeni."

"Nimepewa nini? Boksi tupu hukuninyang'anya mwenyewe?"

"Punguza sauti. Unataka mimi niandike kwamba Naibu Waziri amelidanganya Bunge?"

"Ndiyo, andika! Wino kama huna, ninao nyumbani!"

Nyuma yake wazee walianza kuguna, si kwa kumuunga mkono, bali kwa sababu foleni haisogei. Mmoja akasema huyu si ndiye aliyetajwa redioni, kala za miezi mitatu na bado anataka. Bi Sabaha aligeuka akamtazama, yule mzee akaangalia dari.

Leodegar alimvuta pembeni, sasa mpole, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama yangu, njia ipo. Unaandika barua ya upotevu. Kwamba dawa ulipewa, ukazipoteza. Mfumo unakubali upotevu. Unapata thelathini sasa hivi, unakwenda zako."

"Niandike nimepoteza kitu ambacho hukunipa."

"Andika uliziacha kwenye bajaji. Wengi huacha vitu kwenye bajaji."

Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Mtu mzima, amesoma kwa kodi ya wauza iliki, na elimu yote imemfikisha hapa, kumfundisha bibi wa miaka sitini na saba kusema uongo juu ya nafsi yake. Akataka kumtemea mate. Alikuwa nayo, mdomoni, tayari. Kisha akalikumbuka lile neno lililopinda kwenye kinywa cha Shomari, akayameza.

"Lete kalamu," akasema. "Na ujue, Leodegar, sikuheshimu hata kidogo."

"Saini hapa, mama. Na hapa."

Alirudi na vidonge thelathini vimefungwa kwenye pindo la khanga, akivishika njia nzima. Mzee akaanza kumeza kidonge kizima, na baada ya siku nne ulimi ukalegea, maneno yakanyooka, akarudi kubishana na redio. Bi Sabaha alianza kulala tena usingizi. Hakumwambia mtu juu ya barua.

Wiki mbili baadaye, kabla Bunge halijaahirishwa, mbunge mwingine akasimama na takwimu zake, kwamba wazee wa Ilala bado wanalalamika. Mzee Shomari alikuwa kitini, kidonge mkononi, kikombe cha maji kando. Bi Sabaha alikuwa anachambua mchele.

"Mheshimiwa Spika," akasema Naibu Waziri, kwa sauti ileile ya mtu aliyeshiba, "tatizo si dawa. Dawa zipo. Tumefanya ufuatiliaji, tumebaini changamoto ni utunzaji. Baadhi ya wazee wetu wanapewa dawa, wanazipoteza. Hata yule bibi wa Kariakoo niliyemtaja mbele ya Bunge lako tukufu, Mheshimiwa Spika, dozi nzima aliisahau kwenye bajaji. Barua yake ninayo, amesaini mwenyewe." Kikapita kicheko kirefu ndani ya ukumbi. "Serikali itaendelea kutoa elimu."

Mzee Shomari alimeza kidonge chake. Akazima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kipindi. Alimtazama mkewe wa miaka arobaini na moja, na mshipa wa shingo ukaanza kupanda.

"Kumbe ndiyo maana nilikuwa napewa nusu," akasema. "Nimekaribia kufa, Mama Badria, na dawa umeziacha kwenye bajaji?"

Mikono ya Bi Sabaha ilisimama juu ya ungo. Ukweli wote ulikuwa pale kooni, mzima, na wenyewe ungemchukua dakika moja kuusema. Aliutazama ule mshipa.

"Nilisahau, Baba Badria," akasema. "Nisamehe."

 Pole pole mshipa wa mzee ukashuka, pumzi ikatulia, akanyoosha mkono akaiwasha tena redio.

Akamsamehe.