Msumari wa Taulo

4.

"—na mimi nakwambia hawakumbuki chochote, Dakta. Wananifuata mimi."

"Mama Tusa, punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii. Nilizaliwa nayo."

"Panya wanane kati ya wanane wamefika kwenye kigoda. Wanane! Walipigwa kichwa wiki tatu zilizopita, leo wanajua njia, na wale wa sukari hawaijui. Dawa inafanya kazi. Ripoti inaondoka saa sita mchana. Unataka nini?"

"Nataka nisimame upande mwingine wa bwawa. Tuwaogeleshe tena."

Dakta Mutalemwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti jeupe.

"Dawa ikipita hapa, inakwenda kwa wagonjwa. Jina la kwanza kwenye orodha ya wagonjwa unalijua."

Hobokela, huyo Mama Tusa, alilijua. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake.


1.

TANGAZO
NYUMBA YA WANYAMA

Utafiti: majeraha ya ubongo yatokanayo na ajali.
Panya: kumi na sita. Rafu ya juu, wanane, dawa. Rafu ya chini, wanane, sukari tupu.
Ni marufuku kuingia na chakula, kupiga picha, na kuwapa panya majina.

*na kuacha mlango wazi. Chaula, nakusema wewe. – H.*


2.

Utauliza inafanyikaje. Wote huuliza, halafu hugeuza uso.

Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi. Akishalala fofofo, kipande cha chuma huangushwa kichwani pake kutoka kimo kilichopimwa. Mara moja. Akiamka hapigi kelele. Anatembea kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Kisha dawa, kila asubuhi, imefichwa kwenye tone la siagi ya karanga.

Kisha bwawa. Ni la plastiki, la duara, maji yake yametiwa maziwa ya unga ili yasionyeshe kitu. Ndani yake kimezamishwa kigoda. Panya anayekumbuka huogelea moja kwa moja, akapanda, akatulia. Asiyekumbuka hufuata ukingo, huzunguka, huzunguka, huzung


Unataka kujua kama Hobokela hulia? Halii. Ana stashahada, ana miaka kumi na minne kazini, na ana mikono ambayo panya haiogopi.

Kosa limetokea kwenye hiyo mikono.


3.

Siku ya kwanza Chaula, mwenzake wa maabara, alisema:

"Dada, tusije tukachanganya dawa na sukari. Wewe shika rafu ya juu, mimi ya chini."

"Leo umeongea kitu cha maana. Niandike tarehe."

Ndivyo ilivyokuwa. Panya wa dawa wakalishwa na Hobokela, kidole kwa mdomo, siku ishirini na moja. Panya wa sukari wakalishwa na Chaula, kwa koleo, maana Chaula, baba wa watoto wawili, anaogopa panya.

Na kwenye bwawa, anayewapokea wote wakiwa wamelowa ni nani?

Hobokela.

Anasimama wapi?

Chini ya msumari, kwa sababu taulo linaning'inia kwenye msumari.

Na kigoda kimezamishwa wapi?

Mbele ya msumari.

Dakta hukaa nyuma ya pazia na saa yake. Huona maji. Haoni mtu.


5.

*Jana, jikoni*

Tusajigwe ana miaka kumi na tisa. Machi iliyopita alirushwa na bodaboda. Nyimbo za kwaya anazikumbuka zote, hadi sauti ya pili. Chumvi inakaa wapi, hakumbuki.

Mwezi huu alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikwenda kabatini mwenyewe, akaichukua chumvi, mama yake akiwa amesimama pembeni ya kabati na kushukuru kimoyomoyo. Majirani wakaambiwa. Mchungaji akaambiwa.

Jana Hobokela alisimama dirishani, anakata mchicha.

"Tusa, niletee chumvi."

Tusa akaja dirishani. Akapapasa ukuta, palipo tupu, akatabasamu.

"Haipo, mama."

Kisu kikasimama katikati ya mchicha.


6.

Dakta alitoa nusu saa. "Nusu saa, Mama Tusa, na baada ya hapo sitaki tena kusikia."

Kigoda kikaachwa palepale. Hobokela akachukua taulo, akazunguka bwawa, akasimama ng'ambo. Safari hii pazia lilifunguliwa.

Namba 1: kwa Hobokela.
Namba 2: kwa Hobokela.
Namba 3: kwa Hobokela.
Namba 4: alizunguka kidogo, akanusa hewa. Kwa Hobokela.
Namba 5: kwa Hobokela.
Namba 6: kwa Hobokela.
Namba 7: kwenye kigoda. Moja kwa moja. Hakumtazama mtu.
Namba 8: kwa Hobokela.

Wa nane alipokaushwa, aliingiza pua kwenye kiganja chake kutafuta karanga.

"Saba kwako," alisema Dakta.

"Na mmoja," alisema Chaula.

"Mmoja ni mmoja," alisema Hobokela. "Si dawa."


7.

"Tukirudia ni miezi minane."

"Najua."

"Panya wengine kumi na sita. Vichwa vingine kumi na sita."

"Hao nimewahesabu kabla yako."

"Na Tusa atasubiri, labda bure. Sasa hivi unaweza kunyamaza. Mimi sikuona kitu, Chaula hakuona kitu. Kama mama—"

"Kama mama, Dakta, simpeleki mwanangu akameze siagi yangu ya karanga."

Chaula alikohoa, akatazama viatu vyake.

Dakta alivaa miwani. Akaisukuma fomu kwake, na kalamu juu yake.

"Basi andika wewe. Mkono wangu hautaki."


8.

FOMU YA MATOKEO

Matokeo: batili. Yarudiwe.
Sababu: anayelisha na anayepokea ni mtu mmoja.
Kosa la nani: langu.
Jina: Hobokela Mwakibete.
Saa: tano na dakika ishirini.


9.

Aliitia sahihi, akaipeleka dirisha la masijala, ikagongwa muhuri. Akarudi na nyundo ya fundi. Msumari ulilia kidogo, ukatoka.

Alikuwa bado ameushika mkononi, simu ilipoita.

"Mama, napika maharage. Chumvi iko wapi?"

Kabati la kijani, mkono wa kulia, nyuma ya

Akafunga mdomo.

"Itafute, mwanangu. Sikati simu."

"Uko wapi?"

"Kazini. Tafuta."


Hatua.


Kabati.


Kabati lingine.