Neno Lililopigiwa Mistari Miwili

Kru, kru, kru. Pongwe bado giza, na Bibi Dorkasi kitandani alisikia mbuzi ya nazi jikoni. Ni Queen, mgeni wake kutoka Muheza, akikuna nazi ya uji wa mchele.

Mara mlio ukageuka: kwaru, kwaru. Meno ya mbuzi yamefika kwenye kifuu. Tui litakuwa jeusi.

"Nyamaza, Dorkasi," akajiambia. "Wewe ni mtu wa upuuzi."

Alikuwa amenuna wiki nzima. Kila Ijumaa jioni Queen huja kulala kwake, ili Jumamosi ajifunze mapishi ya marehemu Semeni, bibi yake aliyemlea, shoga wa Dorkasi. Jumamosi iliyopita daftari la Queen lilibaki wazi mezani, na chini ya jina la Dorkasi palikuwa na neno la Kiingereza lililopigiwa mistari miwili: minutiae. Akalinakili herufi moja moja nyuma ya kalenda, akampelekea Rahimu wa dukani, naye akalitafuta kwenye simu.

"Mambo madogo madogo, bibi. Yasiyo na uzito."

Tangu hapo sukari akawa anaifuata duka la mbali, na magoti yake yale, kana kwamba Rahimu ndiye aliyelitunga neno. Leo aliapa kulala tu, binti apike atakavyo.

Kwaru.

Kiapo kikaishia hapo. Alitoka mbio, kanga kaivaa nje ndani.

"Ukiona weusi, acha!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, liandike na hilo kwenye upuuzi wangu." Akamtupia kalenda.

Queen alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Alipoona bibi hacheki, akainuka.

"Neno hili asili yake Kilatini, bibi. Walikuwa na neno la kupunguza kitu, kukifanya kidogo. Hapo likatoka la udogo wenyewe, na Waingereza wakalichukua kwa vile vijambo vidogo kabisa. Wengine hulisema kwa dharau, Rahimu hakukudanganya."

"Na wewe?"

"Mimi mchele na nazi nilivijua. Lakini uji wangu haukuwa wa bibi Semeni mpaka uliponiambia chembe tatu za chumvi, na mwiko usiguse ukingo. Vidogo hivyo alikwenda navyo. Umebaki navyo wewe tu. Ndiyo maana ya mistari miwili."

Bibi Dorkasi akaigeuza kanga yake taratibu, apate pa kuficha uso.

"Na Rahimu je? Maskini, nimemnunia wala hajui."

"Anajua. Jana nilipopita kanipa kilo ya sukari. Kasema, mpelekee bibi, magoti yake hayawezi lile duka la mbali."

"Ala! Mimi nikijiona najificha!" Akacheka mpaka machozi, akavunja nazi nyingine.

Kulipokucha, uji ulikuwa mweupe pe. Alimsindikiza Queen mpaka kituoni, akiwa amemshika mkono.

"Ijumaa uje tena, mjukuu wangu. Habari ya iliki sijakwambia bado."