Samaki Haambiwi Tulia

Mama yangu alipiga picha za watu mpaka nywele zikageuka rangi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kigoda na taa mbili za miavuli, na neno lililosikika humo kuliko yote lilikuwa "tulia." Baba, tulia. Bibi harusi, inua kidevu, hapo hapo, tulia. Mwishowe watu wakamwita Mama Tulia, na nadhani wengine waliamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Simu zilipoanza kupiga picha, wateja walipungua, kisha wakakatika kabisa. Mama akafunga studio bila kinyongo. Ila kamera ya dijitali hakutaka hata kuishika. "Picha isiyosafishwa kwa dawa ni uvumi tu," alikuwa akisema.

Baadaye akafanyiwa upasuaji wa goti, na daktari akashauri asikae peke yake mpaka atakapotembea vizuri. Nikamleta kwangu.

Sasa, sebuleni kwangu televisheni haikai mahali pa heshima. Mahali pa heshima pamekaliwa na tangi la samaki la mume wangu: kioo kirefu kuliko kitanda cha mtoto, maji ya chumvi anayoyachanganya mwenyewe kwenye ndoo, mchanga mweupe, mawe, na juu ya mawe matumbawe hai ya kila sura. Kuna yanayofanana na ubongo, kuna yanayofanana na uyoga, na mengine ni kama nyasi ndefu zinazopepea ingawa upepo haupo. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anatazama kipimajoto cha tangi. Mimi nasalimiwa baadaye. Nilishazoea. Mke mwenza asiyeingia jikoni kwangu hana ugomvi na mimi.

Ni mtu wa maneno machache, na mbele ya mama mkwe ndiyo kabisa: shikamoo, ndiyo mama, hapana mama, basi. Mama alimwona mtu mwema lakini baridi. "Mumeo amepoa kama hayo majokofu yake," aliniambia jikoni, kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya chini.

Kwa kuwa mguu wake ulitakiwa ukae juu ya stuli, kiti chake kilielekea kwenye tangi, na hakuwa na la kufanya ila kutazama. Mwanzoni alilitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Halafu nikawa nikirudi kutoka duka la dawa ninakofanya kazi, nakuta ana habari. Yule wa manjano ni mkorofi, anafukuza wenzake kwenye pango lisilo lake. Yule kamba mwekundu ana wateja: samaki wanakuja kwake mmoja mmoja, wanafungua mdomo, naye anawasafisha meno. Na wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanaolala katikati ya kile kiumbe chenye vidole laini visivyohesabika, ni mume na mke, na mke ndiye mwenye umbo kubwa. Mama akawapa majina. Jike akawa Bi Mkubwa, dume akawa Shemeji.

Jumapili moja mume wangu akatoa kamera yake ya dijitali. Aliinunua mkononi mwa mtu, pamoja na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ili aweze kuwaonyesha wenzake wanaofuga matumbawe. Akaizunguka sebule, akipiga huku na huku, flashi ikiwaka kama radi. Kisha akafungua picha kwenye kompyuta, na mama akanyoosha shingo.

"Hiki ni nini?" akauliza. "Moshi?"

"Ni matumbawe, mama."

"Yale ya zambarau?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa naona wino umemwagika. Na huyu mzee mwenye tochi ni nani?"

"Ni mimi, mama. Kwenye kioo."

Mume wangu ni mwepesi wa kuudhika kwa mambo ya tangi lake. Lakini akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na sikuwahi kumwona akicheka hivyo mbele ya mama.

"Basi nifundishe, mama," akasema.

"Nikufundishe nini, na mashine yenyewe siijui? Wewe nioneshe vitufe. Mimi nitakuonesha mwanga."

Ndivyo ilivyoanza. Somo la kwanza lilikuwa la mama, nalo lilikuwa fupi: zima flashi. "Unammulika mtu usoni halafu unataka apendeze?" La pili, kioo kinataka kutazamwa uso kwa uso, ukikijia kwa ubavu kinakupinda kila kitu. La tatu, futa kioo, nje na ndani, kwa sababu doa usiloliona wewe, kamera inaliona.

Kisha ikawa zamu ya mume wangu. Akavuta kigoda, akamwonesha gurudumu la kupanga kasi ya kamera kufumba jicho, na namba za kuifanya kamera ione gizani.

"Hii ndiyo filamu ya mia? Na hii ya mia nne?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Ila hapa unabadilisha muda wowote, hutoi kitu."

Mama akaigeuza ile kamera, akaitazama juu, akaitazama chini. "Hapo," akasema pole pole, "wamefanya kazi."

Rangi ndiyo iliyowasumbua zaidi. Taa za tangi zina bluu nyingi, kwa kuwa matumbawe huipenda, na kila picha ilitoka kama imepigwa ndani ya chupa ya bluu ya dawa. Mama akaomba kisahani cheupe. Mume wangu akakizamisha majini taratibu, akaongeza taa nyeupe, akaielekeza kamera kwenye kisahani na kuiambia, kwa njia yake ya vitufe, kwamba huu ndio weupe. Picha iliyofuata, zambarau ikawa zambarau. Katikati ya yale matumbawe ya uyoga kukatokea kijani ambacho mimi, niliyepangusa vumbi la tangi lile miaka yote, sikuwa nimewahi kukiona. Nilikwenda kuchungulia kwenye kioo. Kilikuwepo. Kilikuwepo siku zote.

Siku nyingine nilirudi mapema, nikakuta madirisha ya sebule yamefunikwa kwa blanketi. Ndani giza, isipokuwa mwanga wa tangi. Pampu imezimwa, kimya kimetanda. Mama amevaa gauni jeusi mpaka miguuni na kitambaa cheusi kichwani. Kando yake mume wangu, amevaa koti lake jeusi, ameinamisha kichwa.

Mkoba ulinidondoka. "Nani amekufa?"

"Funga mlango," mama akasema bila kugeuka. "Unatuingizia mwanga."

Kumbe nguo nyeupe huonekana kwenye kioo na kuharibu picha, na pampu huzimwa kidogo ili matumbawe yasiyumbe. Hayo niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilikaa chini na kunywa maji.

Kwa matumbawe walifaulu upesi, maana tumbawe halina haraka ya kwenda popote. Samaki ndio waliomnyoosha mama. Aliwaelekezea kamera, akasema "tulia" kwa ile sauti iliyowanyamazisha mabwana harusi walevi, akabonyeza, akapata mkia. Akarudia, akapata mkia mwingine. Jioni nzima, mikia mitupu.

"Mama, wewe piga tu bila kuchagua," mume wangu akamwambia. "Kadi inaingia maelfu."

"Kadi inaingia maelfu, baba, lakini macho ninayo mawili. Nitayachambua lini?"

Hakupiga bila kuchagua. Aliiweka kamera mapajani akarudi kutazama, kwa siku kadhaa, mpaka akajua njia zao. Maana samaki naye ana njia zake, kama mtu mwenye shughuli. Yule wa manjano hupita nyuma ya jiwe kubwa, anatokea kulia, anasita kidogo pale kwenye kona kabla ya kugeuka. Mama akaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akailenga kona tupu, akapandisha kasi, akangoja. Samaki akatokea, akasita. Mama akabonyeza mara moja tu.

Alikuwa pale, mzima, kila gamba mahali pake, jicho likiwaka kama kishikizo kipya.

"Umefanyaje?" mume wangu akauliza, akisahau hata kusema mama.

"Samaki haambiwi tulia," akajibu. "Unatulia wewe."

Nilimwona mume wangu akiirudisha picha ile kwenye skrini tena na tena, kama anavyofanya akisikiliza mashine iliyopona.

Ilikuwa baada ya hapo Shemeji alipobadilika tabia. Aliacha kukimbilia chakula. Akawa anasugua jiwe kwa mdomo, chini kabisa ya kile kiumbe cha vidole laini, na yeyote aliyesogea, hata kamba wa watu, alifukuzwa. Mama ndiye aliyeona kwanza kile kiraka cha rangi ya chungwa, kama shanga zilizomiminwa juu ya jiwe.

"Mkwe," akaita, "hebu njoo. Huyu ameanza kudarizi?"

Mume wangu akapiga magoti mbele ya kioo. "Wametaga, mama."

Toka siku hiyo, sebule yangu ikawa wodi ya wazazi. Kila jioni blanketi linapanda dirishani, pampu inazimwa kwa muda mfupi, lenzi ya karibu inafungwa. Kazi haikuwa rahisi. Kwa lenzi ile, ukipumua tu picha imepotea, na Shemeji hakutoka mbele ya mayai yake. Alikuwa akiyapepea kwa mapezi, anayapuliza, anaokota lililoharibika na kuliondoa, anarudi kupepea. Bi Mkubwa alipita mara moja moja kukagua.

Zile shanga zikafifia, zikawa za kahawia. Mama akafadhaika, akadhani zimekufa, lakini mume wangu akamwambia angoje. Kisha jioni moja Shemeji akasogea kando kidogo tu, kufukuza konokono, na mama akabonyeza.

Mume wangu akaikuza picha kwenye kompyuta. Akaikuza tena.

Kila yai lilikuwa na macho mawili. Macho ya fedha, yenye kitone cheusi katikati, mamia kwa mamia, yamepangwa safu juu ya jiwe, na nyuma ya kila jozi mwili mdogo uliokunjwa kama barua. Kwa macho ya kawaida usingeona ila kiraka kinachong'aa. Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi, na sikumbuki nilikiweka wapi.

"Wanatuangalia," mama akanong'ona.

Akalitazama tangi, pale Shemeji alipokuwa amerudi kazini, mapezi yakienda bila kupumzika. Kisha akamtazama mume wangu, ambaye magoti ya suruali yake yalikuwa yameloa maji ya chumvi. "Na wewe kila siku unayafanya haya yote? Ndoo, chumvi, joto, taa? Na hujawahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

"Ni kweli, sikuuliza," mama akasema. "Nilikosa mengi."

Asubuhi mbili baadaye jiwe lilikuwa tupu. Mama alisimama mbele ya kioo bila fimbo yake, akitafuta. Mume wangu akamweleza kwamba mayai huanguliwa usiku, taa zikizimwa, na kwamba ndani ya tangi lenye pampu na midomo mingi kiasi kile, vifaranga hawafiki asubuhi.

"Kwa hiyo amepepea bure?" Sauti ya mama ilikuwa na hasira kama vile kuna mtu wa kushtakiwa.

Mume wangu alifikiri. "Nami nilisema hivyo mara ya kwanza, mama. Nikamwangalia kutwa nzima. Alikula, akacheza, kisha akaanza kusugua jiwe upya. Mimi ndiye niliyeumia." Kisha akaongeza, "Tunaweza kujaribu kuwatenga. Sijawahi, kwa sababu peke yangu siwezi. Wanataka mtu wa kushinda nao."

"Mimi nashinda wapi?" mama akauliza.

Mume wangu akatengeneza tangi dogo kutoka kwenye mabaki ya karakana yake, lenye joto lake na hewa inayopanda taratibu, na pembeni mtungi wa kukuzia chakula chao, vijidudu ambavyo ni vumbi tu kwa macho yetu. Bi Mkubwa alipotaga tena, walingoja macho ya fedha yatokee, kisha mume wangu akalitoa jiwe lenye mayai na kulihamishia humo, na kiputo cha hewa kikafanya kazi ya Shemeji. Vifaranga walipotoka, mama aliwalisha mchana, mume wangu aliwalisha akirudi kazini. Wengi walikufa. Wakabaki wachache, wadogo kama kipande cha kope, bado hawana rangi wala mistari.

Bila shaka mama aliwapiga picha. Alijaribu kila alichojifunza, na picha iliyokuwa bora kati ya zote ilitoka na ukungu: mwanga, maji, na doa moja jembamba lenye macho mawili, limeinamia kando kama linaulizia njia. Mume wangu, ambaye siku hizi hana aibu naye hata kidogo, akamwambia kasi ilikuwa ndogo.

"Najua kasi ilikuwa ndogo," mama akasema, akivuta kompyuta karibu. "Usiifute."